Whitney Biennial au Made in L.A.?

Ukitaka kujua sanaa ya leo ya Marekani inaelekea wapi, maonyesho ya Whitney Biennial ya New York ndiyo makongwe kuliko Made in L.A. Makumbusho ya Whitney yalianza maonyesho ya kila mwaka 1932. Tangu 1973 hufanyika kila baada ya miaka miwili. Hukusanya wasanii wa kutoka kila upande, hata waliozaliwa ng'ambo: mwaka 2019 Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alionyesha sanamu za wanawake zilizoundwa kwa rojo la karatasi, mbao, shanga na kibuyu.

Made in L.A., maonyesho ya makumbusho ya Hammer ya Los Angeles, yalianza 2012 tu, na wasanii wake ni wa jiji hilo na viunga vyake. Ufinyu huo wa eneo ndio unaonivutia. Mwaka 2018 Lauren Halsey alijenga kuta za jasi, akazichonga kwa mtindo wa maandishi ya Misri ya kale, lakini habari zilizomo ni za watu na biashara za Crenshaw, mtaa wa Weusi. Alishinda tuzo ya dola 100,000, na alistahili.

Whitney hulipisha wageni wengi. Hammer ni bure kwa wote. Mimi ningeanza na Hammer.