Betri ya litiamu yenye hita ya ndani katika baridi ya Minnesota

Betri ninayoitathmini hapa ni ya litiamu aina ya fosfeti ya chuma, ya volti 12.8 na ampea-saa 100, yaani kilowati-saa 1.28. Inahudumia taa, redio na pampu ndogo ya maji katika nyumba ya mbao isiyofikiwa na umeme wa gridi, kaskazini mwa Duluth, mji wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako usiku wa Januari baridi huweza kufika nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri.

Lawama yangu ni kwa maandishi ya kwenye boksi, yanayosema kuwa betri hufanya kazi hadi nyuzi 20 chini ya sifuri bila kufafanua kwamba kiwango hicho ni cha kutoa umeme tu. Kuichaji ni habari nyingine: seli zikiwa chini ya sifuri, ayoni za litiamu hushindwa kupenya ndani ya grafaiti (kaboni ya upande hasi wa seli) kwa kasi inayotakiwa, zikajirundika juu yake kama utando wa metali, na uharibifu huo haurekebishiki. Ndiyo sababu saketi ya ulinzi hukata chaji, na ndiyo sababu hita ikawekwa.

Hita yenyewe haina tatizo. Jua linapopiga paneli za sola asubuhi, umeme wa kwanza huenda kwake, na chaji haianzi mpaka seli zipate joto la nyuzi chache juu ya sifuri. Mwezi Machi hasara hiyo haionekani. Lakini Desemba, mchana ukiwa na urefu wa saa 8 na nusu hivi na jua likipita chini karibu na vilele vya misonobari, hita huweza kula mavuno yote ya asubuhi, na betri ikafika jioni ikiwa na uvuguvugu lakini tupu. Nafuu ilipatikana nilipoihamishia ndani, katika sanduku lililozungushiwa povu gumu la kuhami joto.

Betri za maji, yaani za risasi na asidi, hazihitaji hita, ila zikiachwa bila chaji, asidi yake huweza kuganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri na kupasua kasha.

Anayeishi katika nyumba kama hiyo kila siku na kuwasha jiko la kuni atatosheka na betri ya litiamu isiyo na hita, ambayo ni ya bei nafuu zaidi. Kwa nyumba inayofungwa wiki nzima, ningeinunua tena hii, mradi muuzaji anionyeshe kwanza kiwango cha baridi cha kuchajia, kikiwa kimeandikwa peke yake, pamoja na wati za hita.