Katalizeri ya dola 85: ilivyonifanyia kazi, na ilivyokufa

Kwa mwenye haraka: katalizeri ni kile kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachosafisha moshi wa injini. Kama injini yako ina silinda inayokosa kuwaka, tengeneza hiyo kwanza, katalizeri baadaye. Mimi nilianza na katalizeri, nikachoma dola 85.

Niliinunua Kampemba, hapa Lubumbashi, mpya kwenye boksi lisilo na jina la mtengenezaji. Kilichonivuta ni lebo yenye herufi «Ce-Zr», yaani seriamu na zirkoni. Nafundisha kemia sekondari. Muuzaji angenionyesha hirizi nisingeshawishika hivyo.

Watu wakitaja katalizeri wanataja platini, paladi na rodi, maana ndizo wezi wanazozifuata. Lakini ndani, juu ya lile sega la kauri, metali hizo zimekaa kwenye poda, na poda nayo ina kazi kubwa. Oksidi ya seriamu huhifadhi oksijeni moshi unapokuwa nayo ya ziada, huitoa inapopungua. Peke yake haivumilii joto: chembe hushikana, uso unapotea. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 huchanganywa na oksidi ya zirkoni. Atomu ya zirkoni ni ndogo zaidi, inalegeza fuwele, na oksijeni ya ndani nayo inapata njia ya kutoka.

Shida ni kipimo, yaani seriamu kiasi gani kwa zirkoni kiasi gani, maana ndicho kinachoamua umbo la fuwele. Seriamu ikiwa chini ya sehemu moja ya kumi hivi, fuwele ni monokliniki (umbo lililoinama). Ikipita asilimia 80 hivi, ni kubiki (umbo la mchemraba). Katikati kuna tetragonali (mchemraba uliovutwa upande mmoja) za aina tatu, na ya tatu ni mjanja: zimesogea oksijeni tu, kwa hiyo mionzi ya X huiona kama kubiki, mpaka uipime kwa mbinu ya Raman, inayosoma mwanga wa leza unaotawanywa na fuwele. Mchanganyiko huu wa katikati haujatulia kweli. Ni kama wapangaji wasioelewana wanaobaki nyumba moja kwa kukosa nauli ya kuhama. Joto ndilo nauli. Kupita nyuzi 1000 hivi wanaanza kuachana, huku walio na seriamu nyingi, kule walio na zirkoni nyingi. Watengenezaji makini huongeza lanthani au itri kidogo ili kuwachelewesha.

Wiki tatu za kwanza sina lawama. Taa ya injini ilizimika, ile kodi ya hitilafu P0420, inayosema katalizeri haifanyi kazi vizuri, haikurudi. Kwenye skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, sensa ya oksijeni ya mbele ya katalizeri ilicheza kati ya volti 0.1 na 0.9, ya nyuma imelala tu karibu na 0.7. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Halafu nikaenda Likasi usiku. Bobini moja, ile inayotoa umeme wa cheche za plagi, ilikuwa inakohoa tangu mwanzo, nami nilikuwa nimeidharau. Kwenye mlima gari ikaanza kurukaruka, nikakanyaga tu. Niliposimama, chini ya gari palikuwa pekundu kama mkaa wa brazia, na majani makavu yananuka moshi. Petroli isiyowaka kwenye silinda ilikuwa inawakia ndani ya katalizeri.

Baada ya siku kumi sensa ya nyuma ikaanza kucheza sawa na ya mbele, na P0420 ikarudi. Fundi aliifungua, akapitisha mwanga wa tochi, akagonga kwa vidole.

«Prof, hii ni nzima kabisa! Matundu yote yanaonekana.»

«Fundi, nyumba ipo, wenyewe wamekufa.»

Alicheka, lakini ndivyo. Kauri haikuyeyuka, ila katika joto lile poda inagawanyika, chembe zinashikana na metali zinajikusanya, na hakuna hata moja utakaloliona kwa tochi.

Muuzaji alikataa kunirudishia pesa: «Umeiunguza wewe mwenyewe.» Ana haki nusu. Nusu yangu ni hii: lebo iliyoandikwa «Ce-Zr» bila kipimo wala kiwango cha joto ni sawa na kuandika «unga» kwenye gunia bila kusema ni wa mahindi au wa muhogo.

Nimebadilisha bobini, nikanunua katalizeri ya kiwandani iliyotolewa kwenye gari iliyogongwa, dola 120. Mwezi wa nne sasa, sensa ya nyuma imelala.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ya zile wiki tatu, nyingine ya kulehemu: flanji zilikaa sawasawa, fundi hakutoboa hata tundu moja.