Waranti ya nyongeza kwa gari lililotumika: mkataba wangu wa kwanza na wa pili

Nimenunua magari mawili yaliyotumika hapa Dallas, na yote mawili nikayachukulia waranti ya nyongeza, yaani mkataba unaolipia ili kampuni ikutengenezee gari likiharibika. Ya kwanza ilinitoa machozi, ya pili imenifaa. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu mnaokwenda yadi za magari wiki hii, hasa sisi tunaohudumia wazee majumbani, maana gari likilala na mshahara umelala.

Gari la kwanza lilikuwa na miaka saba na maili 98,000. Bei tulishapatana, saa mbili usiku, nimechoka, nikaingizwa chumba cha mtu wa mikopo. Akanigeuzia skrini: waranti dola 2,800, eti ni dola 58 tu kwa mwezi, na bila hiyo benki inaweza kuninyima mkopo. Nikasaini. Benki nilipokuja kuwauliza walisema hawana sharti hilo kabisa. Na dola 58 kwa miezi 72, kwa riba niliyopewa ya asilimia 14, zinapita 4,100.

Mwezi wa tano, natoka zamu ya usiku, niko barabara ya 635, mshale wa joto ukapanda. Mpaka napata pa kuegesha, gari lilishachemsha, mvuke unafuka kwenye boneti. Fundi wangu, Mkongomani wa Goma, alifungua kifuniko cha oili akanionyesha: oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. "Dada, maji imeingia mu mafuta." Pampu ya maji ilikuwa imevuja, injini ikachemka, gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha maji na oili ndani ya injini, ikaungua.

Kampuni ya waranti wakalipa pampu, dola 340 ukitoa 100 ambazo nazitoa mwenyewe kila ninapodai. Gasketi, dola 1,900, wakaikataa. Ukurasa wa tisa umeandikwa kwamba uharibifu unaotokana na injini kuchemka haulipiwi, hata kama kilicholeta joto ni kipuri kinacholipiwa. Nilikaa kwenye benchi la gereji nikausoma mstari ule mara tatu. Ulikuwepo siku niliyosaini.

Nikaufuta mkataba. Wanarudisha fedha kwa hesabu ya muda uliobaki, ila kwa kuwa gari lilikuwa na mkopo, cheki ilikwenda benki kupunguza deni. Mimi sikushika hata senti.

Safari ya pili nilianza na karatasi ya dirishani. Tangu 1985 kanuni ya FTC, wakala wa serikali kuu unaolinda wateja, inamtaka muuza magari yaliyotumika abandike karatasi inayosema kama gari lina waranti au linauzwa "AS IS", yaani likishatoka getini matatizo ni yako. Kisha nikauliza waranti ya kiwanda imebaki kiasi gani, kwa sababu usilipie ulichokwisha kuwa nacho. Toyota, kwa mfano, hutoa miaka 3 au maili 36,000 kwa sehemu kubwa ya gari, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi, hesabu ikianza siku gari lilipouzwa jipya, na mnunuzi wa pili anarithi kilichobaki. Hyundai na Kia wana ile miaka 10 ya injini inayosifiwa, lakini ni ya mnunuzi wa kwanza. Wa pili anabaki na miaka 5, isipokuwa amenunua gari lililokaguliwa na kuthibitishwa kwa wakala wao.

Nililolipenda lilikuwa na maili 41,000, na waranti ya kiwanda iliyobaki ilikuwa ya injini na giaboksi peke yake. Nilichohitaji ni mkataba wa vile vingine: AC, umeme, usukani. Mikataba hii iko ya namna mbili. Mmoja unaorodhesha vinavyolipiwa, na kisichotajwa ni chako. Mwingine unaorodhesha visivyolipiwa, na vilivyobaki ni vyao. Nilitaka huo wa pili, na nilitaka kuubeba nyumbani niusome kabla ya kusaini. Yadi moja wakakataa kunipa nakala, nikaondoka zangu. Nyingine wakanipa. Nilianza kusoma kutoka nyuma, kwenye visivyolipiwa, nikitafuta neno la kuchemka. Nikahakikisha pia naruhusiwa kwenda gereji ninayoitaka, na nani analipa fundi akifungua kitu kutafuta ubovu. Jina la kampuni nililitafuta TDLR, idara inayosajili watoa mikataba hii Texas. Bei waliniambia 2,600. Tukavutana hadi 1,750, nikalipa taslimu, sikuiweka kwenye mkopo.

Julai iliyopita kompresa ya AC ikafa, na mnajua Julai ya hapa. Bili ilikuwa dola 1,240, nikatoa 100. Kabla ya fundi kugusa kitu ilibidi kampuni ya waranti wapigiwe simu watoe idhini, mkaguzi wao akaja kesho yake, na wakadai risiti za kubadilisha oili. Nilikuwa nazo zote tatu kwenye bahasha, nikapiga picha nikatuma. Kilichoniudhi ni gari la kukodi: walilipia kuanzia siku ya pili, siku ya kwanza nikajigharimia kwenda kwa bibi ninayemhudumia.

Mkataba umebakiza miezi 14. Kwa 1,750 ningeununua tena. Kwa 2,600, hapana.