Mtambo wa Kusafisha Maji ya Rangi za Batiki, Baada ya Miezi Minne ya Kuutumia

Karakana yetu ya batiki ipo Kigogo, Dar es Salaam, si mbali na Mto Msimbazi, na kwa miaka mingi maji ya kusuuzia vitambaa tuliyamwaga kwenye mfereji ambao mwisho wake ni mto huo, kisha Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Miezi minne iliyopita tulinunua mtambo mdogo wa kuyasafisha kutoka kwa fundi mmoja wa hapa jijini: matangi mawili ya lita 500, chujio la mchanga, na pipa la mkaa wa vifuu vya nazi.

Kwa rangi tunazozitumia zaidi, zile zinazoyeyushwa kwa kostiki (soda kali) na haidrosalfaiti (unga unaoondoa oksijeni ili rangi iyeyuke), mtambo umefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Rangi hizo zikipata hewa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka, hivyo shabu, ile ya kutulizia maji ya tope, ikikorogwa humo, chembe hushikana na kuwa mabonge mepesi yanayozama polepole, na baada ya saa moja ukichota maji ya juu unaona kitako cha bilauri. Sharti ni kuipunguza kostiki kwanza kwa tindikali, maana maji yetu hutoka na pH (kipimo cha utindikali, ambacho 7 ni katikati na zaidi ya hapo ni ukali wa kostiki) ya 11 au zaidi, ilhali shabu hupenda kati ya 6 na 7.5, na kanuni za nchi zinataka maji yanayomwagwa yawe kati ya 6.5 na 8.5.

Hapo ndipo maelekezo ya muuzaji yalipotuponza. Karatasi aliyotuachia ilisema tindikali itiwe mara tangi linapojaa. Tulifanya hivyo siku ya kwanza, na papo hapo ikapanda harufu kali kama ya kiberiti kilichowashwa, ikatutoa wote nje tukikohoa, kwa kuwa haidrosalfaiti iliyobaki ilikuwa ikitoa gesi ya salfa dioksidi. Siku hizi maji hulala tangini bila mfuniko, tukiyakoroga kila tunapopita ili hewa iimalize haidrosalfaiti, na tindikali hutiwa asubuhi, kidogo kidogo. Onyo la mstari mmoja lingetosha kutuepusha na balaa hilo.

Kwa rangi zinazokolezwa kwa chumvi na magadi, sifa zangu zinapungua. Kati ya asilimia 10 na 50 ya rangi za aina hiyo huweza kukosa kushika kitambaa, na kwa kuwa zimeyeyuka kabisa, shabu haizikamati ipasavyo. Mzigo wote huangukia mkaa. Muuzaji alituahidi kwamba mkaa ungedumu miezi sita, lakini wiki ya tatu maji ya zambarau yalikuwa yakitoka karibu kama yalivyoingia. Chumvi nayo hupita moja kwa moja, kwa hiyo maji yanayong'aa bado si ya kumwagilia mchicha, ingawa jirani yetu ameyaomba mara mbili.

Kwa karakana ya rangi za kostiki, ningeshauri mtambo huu ununuliwe. Kwa ya rangi za chumvi, hapana, mpaka bei ya mkaa ishuke. Kuhusu tope linalobaki chini ya tangi, muuzaji hakutueleza lolote. Tunalianika juu ya turubai na kulifunga, na sasa viroba vinne vya vumbi la buluu vimekaa stoo, vikimsubiri atujibu vinapelekwa wapi.