Firefox ikisumbua: uisakinishe upya au ufungue profaili mpya?

Firefox, programu ya kuvinjari intaneti, ikianza kujifunga yenyewe kwenye kompyuta, wengi hukimbilia kuifuta na kuisakinisha upya. Hiyo inakula bando, na mara nyingi tatizo hurudi vilevile: mipangilio hukaa kwenye profaili, yaani folda ya data zako iliyo kando na programu, na kwa kawaida kufuta programu hakuigusi. Kusakinisha upya kunafaa pale mafaili ya programu yenyewe yameharibika.

Profaili mpya haikulazimu kupakua programu upya. Andika about:profiles kwenye sehemu ya anwani, unda mpya, ifungue. Tatizo likitoweka, mbovu ni mipangilio ya zamani. Usiifute profaili ya zamani kwa pupa, alamisho (kurasa ulizohifadhi) na nywila zako zimo humo! Usumbufu wake ni kupanga upya viongezi, yaani programu ndogo za ziada ulizoweka kwenye Firefox.

Mwenye bando la kubana aanze na profaili. Ikigoma hata hapo, sakinisha.