Nimelipia vyumba vya mijadala, nikazimiwa maiki katikati ya hukumu (uzoefu wangu)

Jamani naandika hii bado nina hasira na sitaki ipoe kwanza, maana ikipoa nitaandika maneno ya adabu ambayo hayatamsaidia mtu. Kuna aplikesheni moja ya vyumba vya sauti, jina silitaji ila wengi mnaijua, mnaingia chumbani watu msiojuana kabisa, huyu yuko Kampala, yule Muscat, mwingine Minnesota, mnabishana kwa Kiswahili mambo ya teknolojia, sheria, siasa za dunia. Kuna ya bure na kuna kifurushi cha mwezi. Mimi nikalipia, kwa sababu kifurushi kinakupa nafasi ya kuongea na rekodi kamili ya kila mjadala ulioshiriki. Mengine yote mtayasoma wenyewe mkienda kuipakua, mimi nina jambo moja tu.

Mwenyeji wa chumba amenizimia maiki nikiwa nasoma uamuzi wa mahakama, na rekodi niliyoilipia ikaja imekatwa kipande changu.

Mada ilikuwa tamu sana usiku ule: mahakama ya nchi ya Afrika ina ubavu wa kuita kampuni kubwa ya Marekani ije ijibu kesi? Mwenyeji ni kaka mmoja anayejiita wakili, yuko Ulaya, ana sauti nzuri ya redio na wafuasi wengi. Akaanza kwa kutamba kuhusu sheria za Ulaya. Akamtaja Max Schrems, yule aliyekuwa mwanafunzi wa sheria Austria akaibana Facebook mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg ikafuta mwaka 2015 makubaliano yaliyokuwa yanaruhusu data za Wazungu kupelekwa Marekani, na mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ikafuta na yale yaliyoletwa badala yake. Akasema sheria yao ya data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inamfuata hata mwenye kampuni aliyeko nje ya Ulaya ilimradi anawauzia huduma watu walioko Ulaya. Yote kweli, na aliieleza vizuri, sina kinyongo hapo.

Shida ikaja alipogeukia huku kwetu. Akasema, namnukuu kama nilivyomsikia, "Afrika tusijidanganye, hakuna jaji wa kwetu anayeweza kuiburuza Meta, watacheka tu." Meta ndiyo kampuni yenye Facebook. Watu wakamwaga emoji za makofi. Na mimi nikanyoosha mkono, maana hilo nalijua, nimelifuatilia tangu mwanzo.

Nikapewa nafasi. Nikasema kaka, samahani, hilo jambo limeshaamuliwa Nairobi. Mei 2022 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa anafanya kazi Nairobi ya kuchuja maudhui ya Facebook chini ya kampuni ya Sama, alifungua kesi dhidi ya Meta. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya skrini kutwa unaangalia watu wanachinjwa, watoto wanateswa, ili wewe na mimi tusiyaone. Meta wakajitetea kwamba wao ni kampuni ya nje, hawana makazi wala biashara Kenya, kwa hiyo mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yao. Tarehe 6 Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri wa Mahakama ya Ajira akakataa hoja hiyo, Meta wakabaki kwenye kesi. Wakakata rufaa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikawaambia hapana, mtajibu hapahapa.

Nilikuwa na uamuzi umefunguka kwenye laptopu, simu mkononi. Nikamwambia naomba nisome aya moja tu ili watu wasikie kwa masikio yao. Nikaanza kusoma. Sijamaliza hata sentensi ya pili, kile kialama cha maiki kwenye skrini kikawa chekundu. Nikadhani mtandao. Nikagusa, hakiwaki. Nikagusa tena, ikaandika "umezimwa na mwenyeji". Ndio nikamsikia anasema, "Wewe binti nenda kasome kwanza, hapa wanaongea watu wenye shule zao." Halafu kicheko.

Binti! Mimi ni mama wa watu, nina wanangu wananisikia chumba cha pili, na hata ningekuwa binti wa kidato cha nne, uamuzi ni uamuzi, haubadiliki kwa sababu ya umri wa anayeusoma. Kama nimekosea si useme nimekosea wapi? Taja aya, taja ukurasa. Hakutaja. Akaendelea kuongea dakika nyingi tu kuhusu mimi, kwamba siku hizi kila mtu akishika simu anakuwa wakili, watu wanacheka, na mimi nimekaa pale naangalia kialama chekundu siwezi kujibu neno. Mtu akitukana uso kwa uso utamjibu au utaondoka, lakini huyu amekufunga mdomo halafu ndio anakusema, na umemlipia.

Ngoja niseme na mazuri nisije nikaonekana nina chuki, kwa sababu yapo, na ndiyo yaliyonifanya nilipie. Kuna chumba kingine humohumo cha Jumapili jioni, sijawahi kukaa kwenye mjadala mtamu kama ule. Siku moja walijadili ile kura ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi 2022 kuhusu Urusi kuivamia Ukraine, 141 waliounga mkono azimio, 5 waliopinga, 35 waliokaa kando. Mama mmoja wa Muscat akauliza swali dogo tu: Afrika Mashariki tulikaa upande gani? Hapo ndio ikawaka. Maana Kenya, Rwanda na Congo ya Kinshasa waliunga mkono, Tanzania, Uganda na Burundi hawakuunga wala kupinga. Jumuiya moja, kura mbili! (Congo ilikuwa haijaingia bado kwenye Jumuiya wakati huo, na kuna kijana alisahihisha hilo kwa upole kabisa.) Kijana mwingine wa Bukavu, huko Kivu, mashariki mwa Congo, akasema nchi yake iliunga mkono lakini yeye roho inamuuma, kwa sababu hajaona dunia ikikusanyika hivyo kwa ajili ya vita vya Kivu. Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyemzima. Chumba kizima kilimwachia amalize.

Halafu mzee mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu, akaomba nafasi. Kila anayeongea baada yake alianza na shikamoo mzee. Akatukumbusha Cairo, Julai 1964, wakuu wa nchi za OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walipokubaliana kuheshimu mipaka iliyoachwa na mkoloni, Somalia na Morocco wakakataa, na akasema ndio maana balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliposimama kwenye Baraza la Usalama Februari 2022 akaongelea mipaka ya Afrika ambayo hatukuichora sisi, alikuwa anasimama juu ya Cairo ile. Mimi hotuba ya Kimani nilishaisikia zamani, sikuwahi kuiunganisha na 1964. Nilikaa na hilo kichwani wiki nzima. Sasa niambie, hiyo utaipata wapi tena kwa hela ya chipsi mayai? Kwa chumba kile peke yake ningetoa nyota tano nikaenda zangu kulala.

Kwa hiyo nisingeandika chochote, wallahi, ningemeza yale ya yule wakili, watu wenye kiburi wako kila mahali. Kilichonifikisha hapa ni rekodi.

Kesho yake nikasema nitaitafuta rekodi ya mjadala ule nimtumie mdogo wangu asikie mwenyewe. Nimeilipia, ni haki yangu. Nikafungua. Utangulizi upo, Schrems yupo, "watacheka tu" ipo, nanyoosha mkono, nasalimia, nasema "kaka, samahani, hilo jambo limeshaamuliwa Nairobi", halafu paap, inaruka moja kwa moja kwenye "wewe binti nenda kasome kwanza". Motaung hayupo. Jaji Gakeri hayupo. Mahakama ya Rufaa haipo. Nimerudia kusikiliza nikidhani simu yangu ina matatizo, nikaazima ya jirani, ni vilevile. Atakayesikiliza rekodi ile leo atamsikia mwanamke aliyeropoka halafu akawekwa sawa na msomi. Wametoa ushahidi wakaacha matusi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza likaja la mashine, asante kwa maoni yako tunakuthamini. La pili likaja la mtu, au la kitu kinachoandika kama mtu, likasema mwenyeji ana ruhusa ya kuhariri rekodi ya chumba chake. Mbona hamkuandika hivyo kwenye kifurushi? Pale pameandikwa rekodi kamili. Kamili maana yake nini kama mtu mwingine anaweza kuingia na mkasi?

Nikawaandikia tena, safari hii kwa mpangilio. Nikawaambia sauti yangu ni taarifa yangu binafsi, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina Tume yake kabisa, na inanipa haki ya kupata taarifa zangu mlizonazo na kudai zirekebishwe zikiwa zimepotoshwa. Naomba sauti yangu ya usiku ule, yote, kabla haijahaririwa. Sikuomba hela. Sikuomba yule kaka afungiwe. Naomba sauti yangu.

Mnajua wamejibu nini? Kwamba wao wamesajiliwa nje, hawana ofisi Tanzania, na masharti niliyoyakubali wakati wa kujiunga yanasema malalamiko yote yanasikilizwa huko kwao.

Nilisoma nikasimama. Hiyo ndiyo hoja ya Meta ileile! Sisi ni wa nje, hatupo kwenu, mahakama yenu haituhusu. Hela yangu ya kila mwezi inatoka kwenye simu yangu Dar es Salaam, kwa shilingi, kwa Kiswahili, na matangazo yao wanayaweka kwa Kiswahili, "karibu ujadili bila mipaka". Kuchukua hela wapo Tanzania, kujibu swali hawapo. Ndio maana kesi zile za Nairobi nazishikilia hivi, siyo za wafanyakazi peke yao. Abrham Meareg wa Ethiopia, baba yake Profesa Meareg Amare aliuawa Novemba 2021 baada ya kuandamwa na maandiko ya chuki Facebook, akaenda kushtaki Nairobi, na Meta wakaleta hoja hiyohiyo, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema mamlaka tunayo. Mtu amepoteza baba halafu anaambiwa nenda kadai Marekani. Mimi nimepoteza kipande cha sauti tu, najua tofauti yake, silinganishi msiba na maiki. Lakini mlango wanaokimbilia ni mmoja.

Na yule wakili angeniacha nimalize aya ile, watu mia na kitu waliokuwa chumbani wangetoka wanajua kwamba mlango huo umeshaanza kufungwa hapa jirani tu. Wametoka wanajua Afrika haiwezi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuitwa binti.

Sasa kuhusu kulipia au kutolipia. Mwanzo niliandika msilipie kabisa, nikafuta. Nikaandika lipieni mwezi mmoja kwa ajili ya chumba cha Jumapili, nikakumbuka kwamba cha Jumapili unaweza kuingia bure ukasikiliza, na mzee wa Tanga mwenyewe yuko bure na anaongea. Kwa hiyo kifurushi kinakuuzia nini hasa? Rekodi, na rekodi siyo kamili. Nafasi ya kuongea, na nafasi iko mkononi mwa mwenyeji. Basi nyota moja kwa kampuni, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri. Watu waliomo ndani nawapa zao, ziko nyingi, ila sina sehemu ya kuzibonyeza.

Barua ya kwenda Tume nimeshaiandika, nimeambatanisha meseji zao zote. Anayejua utaratibu pale, hasa kwa kampuni isiyo na ofisi nchini, aniandikie hapa chini. Na mkiingia kwenye vyumba vile jirekodini wenyewe kwa simu nyingine mkiwa mnaongea. Kujiondoa kwenye malipo ya mwezi nako siyo kwenye "akaunti" kama unavyodhani, ni kwenye "mipangilio", halafu "mengineyo", chini kabisa, maandishi ya kijivu, na mwezi ukishaanza hawarudishi.