Kulungu Mchanga Niliyempata Wisconsin, na Mwelekezi Aliyemdharau

Nilirudi Nakuru nikiwa na nia ya kuandika sifa tupu, kwa sababu huduma yenyewe ya kuongozwa kuwinda, kwa mambo mengi, ilikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Nimeshindwa. Kila ninapotaka kuwasifu wenye shamba kwa ukarimu wao, ninayakumbuka maneno ya mwelekezi wetu alipokuwa amesimama mbele ya mnyama niliyekuwa nimempiga risasi muda mfupi kabla: kwamba kulungu wa namna ile huachiwa watoto, na kwamba yeye asingependa aonekane naye.

Kwa wasomaji wa kwetu, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na sisi tuliokulia karibu na Mbuga ya Ziwa Nakuru tumewajua swala na kuro kwa kuwatazama tu. Huko Wisconsin, jimbo la Marekani, mambo ni tofauti. Kulungu wenye mkia mweupe ni wengi, huwindwa kwa leseni, na msimu mkuu wa bunduki ni wa siku tisa mwezi wa Novemba, wakati wa sikukuu yao ya Shukrani. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni mzaliwa wa Kakamega na amekuwa mwindaji tangu alipohamia huko. Yeye ndiye aliyenialika, naye ndiye aliyeitafuta kampuni hiyo ya kuongoza wawindaji.

Kwa kuwa sikuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji, niliwinda chini ya utaratibu wa jimbo hilo unaomruhusu mtu asiye na cheti kuwinda, mradi msimamizi wake akae karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa kwa mkono. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana hasira yangu yote inatoka hapo. Mwelekezi hakuwa mbali nami. Tulikaa pamoja katika dungu moja lililofungwa juu ya mti, tukiwa tumevaa rangi ile kali ya machungwa inayotakiwa na sheria, huku baridi ikipenya hadi kwenye mifupa na upepo ukivuma kutoka mbele yetu, jinsi alivyotaka yeye ili harufu yetu isiwafikie wanyama.

Kulungu alitokea kwenye ukingo wa msitu, peke yake, akinusa ardhi. Alikuwa dume mchanga, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu hivi kwa makadirio ya shemeji baadaye, na kila pembe yake ilikuwa na ncha mbili tu. Nilimnong'oneza mwelekezi nikimuuliza kama huyo anafaa. Aliitikia kwa kichwa. Sikukurupuka, nilisubiri hadi mnyama akageuka ubavu, nikalenga nyuma ya bega, nikafyatua.

Hapa sina budi kumtendea haki. Mnyama alikimbia akaingia vichakani, na mtu yule akaufuata mchirizi wa damu kwenye theluji kwa utulivu na ustadi wa kuhusudiwa, akinikataza nisikanyage alama, hadi tukamkuta amelala, amekwisha kufa. Kama ningeandika maoni yangu dakika ile, ningempa nyota zote tano bila kusita.

Kisha akainama, akaishika pembe kwa vidole viwili, na uso wake ukabadilika. Aliyasema maneno niliyokwisha kuyataja, akakataa kutupiga picha, akatuambia kwamba wateja wake wengine hutundika madume yenye pembe pana pale uani na kwamba huyu angewachekesha. Halafu akatangulia kwenye gari na kutuacha mimi na shemeji, aliyekuwa amefika kutoka dungu la pili, tumpasue, tumtoe matumbo na kumburuta wenyewe, kazi ambayo tulikuwa tumeilipia. Shemeji aliniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, achana naye, tuvute nyama yetu." Nilivuta, lakini sikuachana naye moyoni, na hadi leo sijaachana naye.

Sheria ya Wisconsin inamhesabu kuwa dume halali kulungu yeyote mwenye angalau pembe moja ya inchi 3 au zaidi. Wa kwangu alikipita kipimo hicho kwa mbali. Naifahamu hoja ya wanaotaka wachanga waachwe: pembe hudondoka kila mwaka na kuota upya, na kulungu akipata miaka kadhaa na malisho mema, huota zilizo kubwa zaidi. Ni hoja ya heshima, na shamba la mtu binafsi lina haki ya kuweka masharti yake. Lakini masharti husemwa kabla ya risasi kutoka! Mkataba haukuyataja, na aliyekaa bega kwa bega nami aliitikia kwa kichwa.

Tulipeleka tezi za shingoni zikapimwe ule ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu, uliogunduliwa katika jimbo hilo mwaka wa 2002, na hatukuionja nyama hadi majibu yalipokuja kuwa ni salama. Dada yangu aliipika kwa vitunguu na nyanya, akatuwekea na ugali. Ilikuwa laini ajabu, na wapwa zangu waliigombania. Huyo ndiye mnyama aliyeambiwa ni wa aibu.

Kwa hiyo nasema nini? Shamba ni zuri, madungu ni imara, bei haikuwa ya uonevu, na nilikuwa nimeamua kutoa nyota tatu. Lakini ninapokumbuka kwamba shemeji, kwa kufuata desturi ya huko, alimpa mtu yule bahasha ya bakshishi naye akaipokea bila kumtazama usoni, naona hata mbili ni nyingi. Natoa moja. Nimeiandikia kampuni, nayo imenijibu kwa adabu ikiniahidi punguzo la msimu ujao. Sikuomba punguzo. Niliomba mwelekezi wao ampigie shemeji simu na kumtaka radhi, na jambo hilo jibu lao halikuligusa.